Naombeni ushauri: ndege ya mbao ya mwaka 1942, tuirushe au tuiache ilivyo?

Randa_na_Tupa (Lincolnshire, Uingereza)

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa nikisoma humu kimyakimya kwa miaka, leo nimekwama.

Mimi ni seremala, mzaliwa wa Tanga. Mzee wangu alikuwa akichonga milango na vitanda pale Ngamiani, nami nimekulia kwenye vumbi la randa. Huku Uingereza siku za kazi natengeneza madirisha ya nyumba za zamani, na kila Jumamosi niko kwenye hanga dogo la kikundi chetu cha watu saba. Mwaka 2017 tulichanga pesa tukainunua ndege iliyokuwa imelala kwenye ghala la shamba. Ni Percival Proctor, toleo la tatu, iliyoundwa Manchester na kiwanda cha F. Hills & Sons wakati wa Vita vya Pili.

Kwa wasioijua: ni ndege ya injini moja, karibu yote ni mbao na plaiwudi, na jeshi la anga la Uingereza liliitumia kuwafundisha waendesha redio. Mwanafunzi alikaa na mitambo yake akijifunza kutuma na kupokea ujumbe huku ndege ikitikisika. Ziliundwa zaidi ya 1,100. Leo zinazoweza kuruka dunia nzima zinahesabika kwa vidole. Na ina nasaba na kwetu: ilitokana na Vega Gull, ndege ya aina ileile ambayo Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, aliivushia Atlantiki peke yake Septemba 1936 kutoka Abingdon, Uingereza, akaishia kwenye bwawa la matope kule Nova Scotia, Kanada, baada ya zaidi ya saa 21 hewani. Ile aliyoirusha ilikuwa na namba za Kenya ubavuni, VP-KCC.

Kilichoziua Proctor ni gundi. Yetu imegundishwa kwa kaseini, gundi inayotokana na maziwa. Ikiwa kavu ni ngumu kama mfupa. Ikinyonya unyevu kwa miaka mingi, kuvu wanaila, na kiungo kinabaki kimeshikana kwa macho tu. Miaka ya 1960 Proctor nyingi zilizuiwa kuruka kwa sababu hiyo, wenyewe wakazichoma moto kuliko kuzilipia nafasi ya kuegesha.

Nimeikagua yetu kwa miezi minane. Nimegonga kila kiungo kwa mpini wa patasi nikisikiliza. Mahali pazuri panajibu kwa sauti kavu, palipokufa panajibu kama boga. Boriti kuu ya bawa la kushoto imeachia karibu urefu wa mkono wangu. Gundi ukiigusa kwa ncha ya kisu inamomonyoka kama unga wa muhogo. Kwa hesabu yangu, ili iruke kwa usalama lazima nibadilishe boriti zote, plaiwudi yote ya nje, na mbavu nyingi. Kitakachobaki cha asili ni injini, magurudumu, vyuma vya viungo, viti na saa za mbele ya rubani. Kwa mbao, labda robo. Pengine pungufu.

Sasa sikilizeni kinachoninyima usingizi. Ndani, upande wa mwendesha redio, nilipofungua kibao kidogo nikaona maandishi ya penseli. Herufi mbili, tarehe ya Machi 1943, na mistari midogo kama mtu anayehesabu safari zake: minne, mkato, minne, mkato. Kwenye mbavu za bawa kuna mihuri ya wakaguzi wa kiwanda, na alama ya kidole gumba kwenye gundi iliyomwagika. Mtu alibonyeza pale kabla haijakauka, na kidole chake bado kipo.

Kuna mfadhili yuko tayari kulipia kazi yote kwa sharti kwamba ndege iruke. Na kuna jumba la makumbusho liko tayari kuipokea, kuiweka ndani penye hewa iliyodhibitiwa, kwa sharti kwamba tusiiguse zaidi. Wenzangu wamegawanyika, na wamenitaka mimi kama fundi niandike maoni yangu kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Nikisema kata, mkono utakaoshika msumeno ni huu wangu.

Nishaurini. Nitasoma kila neno.


Kapteni_Mstaafu (Nairobi)

Kijana wangu, hongera kwa kazi. Nimerusha ndege miaka 31, tisa kati ya hiyo kwenye DC-3 za mizigo kutoka uwanja wa Wilson kwenda kaskazini, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka: irushe.

DC-3 niliyoijua zaidi ilizaliwa ikiwa C-47 ya jeshi la Marekani wakati wa vita hivyohivyo. Nilipoikuta, injini zake zilikuwa zimebadilishwa mara ambazo hata daftari lilichoka kuhesabu. Ncha za mabawa zilitoka ndege nyingine. Sakafu ilikuwa mpya, nyaya mpya, rangi labda ya sita. Hakuna siku nilipopanda nikahisi nimepanda kitu cha bandia. Ndege ikifanya kazi inabadilishwa vipande tangu wiki ya kwanza, ndivyo sheria inavyotaka na ndivyo uhai wa abiria unavyotaka. Hata hiyo Proctor yako, unadhani mwaka 1945 ilikuwa na kila kipande ilichotoka nacho kiwandani? Mnapozungumzia uasilia lazima mniambie ni wa siku gani. Wa siku ilipotoka Manchester? Wa Machi 1943? Au wa siku mkulima alipoifungia ghalani?

Halafu kuna kitu ambacho kioo cha makumbusho hakiwezi kukihifadhi. Injini ya Gipsy Queen ikiwashwa asubuhi ya baridi, inakohoa silinda mojamoja, moshi wa oili unapita puani, halafu mwili mzima wa mbao unaanza kuimba. Mbao ina sauti yake hewani, tofauti na bati. Huyo kijana wa penseli aliisikia. Ukiiweka ndani ya jumba, hakuna atakayeisikia tena.

Na usisahau ujuzi. Nani atajua kuigundisha boriti ya ndege kama hakuna anayeigundisha?


Mwanakumbusho (Unguja)

Kaka Randa, mimi kazi yangu ni uhifadhi, zaidi majengo na vyombo vya baharini. Kwa heshima zote kwa Kapteni, naomba nikupeleke kwenye mtepe.

Unajua mtepe ulikuwa nini: chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi, hakina msumari, na tanga lake ni la miyaa. Kwa karne nyingi ulibeba boriti na nafaka kutoka Lamu hadi huku. Leo hakuna hata mmoja wa asili uliobaki mzima. Mwaka 2003 ulipoundwa mtepe mpya kwa ajili ya Beit al-Ajaib, mafundi walitegemea modeli ndogo, picha za zamani na maandishi ya watu waliopita wakiangalia. Walifanya kazi nzuri mno, lakini maswali madogo ndiyo yaliyosumbua: kamba inapita wapi ndani ya ubao, tundu limezibwa kwa nini, ubao umekunjwa vipi kabla ya kushonwa. Modeli haijibu maswali hayo, wala picha. Ungebaki mtepe mmoja mbovu, umeoza nusu, umelala chini ya banda, ungejibu yote.

Hivyo ndivyo ninavyoiona ndege yako. Alama ya kidole kwenye gundi ni jibu la swali ambalo bado hatujaliuliza. Gundi yenyewe, hata ikiwa imekufa, inaweza kupimwa. Mbao inaweza kusema ilitoka msitu gani. Ukiikata, unabaki na plaiwudi safi ya karne hii iliyokaa kwenye umbo la zamani.

Kule Marekani, Smithsonian wana ndege ya mabomu iitwayo Flak-Bait, B-26 Marauder iliyorudi kutoka misheni zaidi ya 200 ikiwa na viraka zaidi ya elfu moja vya matundu ya risasi na vipande vya mizinga. Wangeweza kuipaka rangi ikang'aa kama gari la harusi. Waliamua kuitunza na rangi yake ileile ya vita, imechakaa, imebabuka, alama za misheni ubavuni zimefifia. Wahifadhi wamefanya kazi miaka wakisafisha na kuimarisha kitu ambacho macho ya kawaida yataona hakijafanywa chochote. Na London, jumba la makumbusho la jeshi la anga lina Halifax, ndege ya mabomu iliyotua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen kule Norway mwaka 1942 ikazama, ikaopolewa mwaka 1973. Wameiacha kama ilivyotoka majini, na watu wanasimama mbele yake kimya.

Usikate.


Kijana_Makambako

Samahani wakuu kama nitawaudhi. Hivi kweli Mtanzania anakosa usingizi kwa ajili ya ndege ya jeshi la mkoloni? Hiyo historia ni yao, wao wenyewe waamue. Wewe fanya kazi ulipwe.


Randa_na_Tupa

Ndugu Kijana, hujaniudhi. Hata mama aliniuliza hivyo kwenye simu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki), akapelekwa Burma na divisheni ya Afrika Mashariki mwaka 1944. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, barabara ikiwa tope hadi kiunoni, na chakula na risasi vilidondoshwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Babu alikuwa akisema ndege ilipochelewa siku mbili walikula mizizi. Mwito wa kuomba ndege ulikwenda kwa redio, na kwenye ndege mtu aliyejifunza kazi yake mahali fulani aliupokea. Sisemi kijana wa penseli ndiye aliyemsikia babu. Nasema vita vile tulivilipia na sisi, watu wetu wako kwenye makaburi ya kule, na vitu vyake si vya watu wengine tu. Nina haki ya kuvijali.

Na kazi hii hatulipwi. Ni ya kujitolea.


Kijana_Makambako

Nimekuelewa kaka. Babu apumzike kwa amani. Naendelea kufuatilia.


Mswahili_Hamilton (Ontario, Kanada)

Wadau, mimi naishi karibu na uwanja ambao ndiyo makao ya Lancaster inayoruka, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili, moja kati ya mbili tu zinazoruka duniani. Zilikuwa zaidi ya 7,300. Kiangazi cha 2014 hii ya kwetu ilivuka Atlantiki kwenda kuungana na mwenzake wa Uingereza, na kwa wiki kadhaa watu waliziona zote mbili hewani pamoja. Nimewaona wazee wa zaidi ya miaka 90 wakishikiliwa mikono ili waiguse. Mmoja aliniambia hakuwahi kuwaeleza watoto wake lolote hadi siku aliposikia injini zile nne. Kwa hiyo anayosema Kapteni nimeyashuhudia. Na fedha zinakuja kwa sababu inaruka. Ndege iliyolala haileti watu kwa wingi ule.

Lakini kuna mambo mawili lazima uyaweke mezani, Randa.

La kwanza, hii Lancaster yetu ilijengwa mwaka 1945 na haikupigana. Herufi ilizopakwa ubavuni ni za ndege nyingine, ile ambayo Andrew Mynarski alikuwa ndani yake Juni 1944 alipojaribu kumwokoa mwenzake huku nguo zake zikiwaka moto. Ni heshima kubwa na sina neno nayo. Ila mtoto anayeitazama anaamini ndiyo yenyewe, usipomwambia. Ndege zinazoruka hukusanya hadithi za ndege zilizokufa. Yako ina hadithi yake yenyewe, haihitaji ya kuazima.

La pili ni vifo. Oktoba 2019 B-17, ndege ya mabomu ya wakati wa vita iliyokuwa ikibeba abiria, ilianguka Connecticut, Marekani, watu saba wakafa. Novemba 2022 kule Dallas ndege mbili za vita ziligongana mbele ya watazamaji, sita wakafa, na B-17 nyingine ikaisha. Siwezi kuandika hapa irushe bila kuyataja hayo.


Kapteni_Mstaafu (Nairobi)

Ndugu wa Hamilton amesema kweli, na mimi niliyazunguka makusudi. Nimezika marafiki.

Ngoja niongeze moja ambayo huwa naifikiria. Novemba 1942, kule Libya, Waaustralia waliteka ndege ya Kijerumani aina ya Messerschmitt 109. Watu wa kujitolea Uingereza walikaa karibu miaka 20 wakiitengeneza, ikaruka tena Machi 1991. Ilikuwa ya kipekee: ya vita kweli, na injini yake ya Kijerumani. Makubaliano yalikuwa iruke kwa muda halafu iende makumbusho. Oktoba 1997, katika maonyesho yake ya mwisho kabla ya kustaafishwa, ilipata hitilafu kwenye uwanja wa Duxford, Uingereza, ikatua kwenye shamba la jirani na kupinduka chali. Rubani alitoka mzima, mungu mkubwa. Waliitengeneza tena, safari hii ya kusimama tu. Siku moja zaidi na ingeingia jumbani haina mkwaruzo.

Bado nasema ndege imeundwa iruke. Ila nimeanza kujiuliza kama ni lazima iwe hii.


FundiMatondoni (Lamu)

Assalam aleikum. Nimeitwa humu na mpwa wangu, akisema kuna seremala anauliza habari za mbao. Mimi najenga majahazi, kama baba na babu.

Ndugu yangu, jahazi kwetu hubadilishwa. Ubao ukioza unang'olewa, unatiwa mwingine, kalafati, mafuta, linarudi majini. Nina jahazi hapa pwani ambalo mkuku wake, ule mti mrefu wa chini, ni wa zamani na mataruma, yaani mbavu zake, karibu yote nimeyatia mimi. Jina ni lile, mwenyewe ni yule, bahari inalijua. Hatuna neno la kusema hili si lenyewe. Kwa hiyo mimi si mtu wa kulia kwa ubao ulioondoka.

Ila nina swali moja kabla hujashika msumeno. Je, unazo ramani?

Nauliza kwa sababu sisi hatuna ramani. Ramani iko kichwani na kwenye chombo kilicho mbele yako. Ukitaka kutengeneza taruma jipya, unatoa la zamani zima, unalilaza juu ya mti mpya, unachora. Ukilitoa limevunjika, umepoteza kigezo. Na jambo ambalo wanafunzi wangu hawaliamini hadi walione: chombo kilichokaa umbo moja miaka 60, ukifungua mbao zake, zinanyooka na kulegea. Haziwezi kurudi. Kwa hiyo usidhani utaibomoa, uipime vipande vikiwa mezani, ujenge mpya. Utapima uongo. Kipimo kinachukuliwa chombo kikiwa kimefungwa, kimesimama sawa, kabla hakijaguswa.

Kama ramani ziko kamili, hiyo ndege ni chombo, badilisha utakavyo. Kama ramani hazipo au zina mapengo, hiyo ndege ndiyo ramani, na seremala hachomi ramani yake ili apate joto la kazi.


Mwanakumbusho (Unguja)

Fundi umenitoa machozi. Kaka Randa, jibu swali lake.


Randa_na_Tupa

Wa aleikum salaam, shikamoo Fundi. Shikamoo Kapteni. Nimechelewa kujibu kwa sababu swali la Fundi lilinirudisha kwenye makabati ya kikundi kwa jioni tatu.

Tunazo ramani, hazijakamilika. Umbo la nje lipo, vyuma vipo, boriti ipo na vipimo vyake. Ila mbavu za nyuma ya kiti cha mwendesha redio hazipo kabisa, na zile za chini ya mkia ni za toleo lingine. Nilipokwenda na tochi kulinganisha, nikakuta hata pale penye ramani ndege haifuati. Kuna vibao vya kuimarisha ambavyo havikuchorwa popote. Mafundi wa kiwandani waliona udhaifu wakaongeza, na hawakuandika. Kwa miaka mitano nimeiona ndege hii kila Jumamosi, sikuwahi kuviona vibao hivyo kwa sababu sikuwa natafuta.

Pia nimeisoma vizuri habari ya Mosquito, ndege ya vita ya Uingereza, kwa sababu ndiyo ndugu mkubwa wa tatizo letu: mbao, gundi, injini mbili. Ile pekee iliyokuwa ikiruka ilianguka Barton, Manchester, Julai 1996, wote wawili waliokuwa ndani wakafa. Kwa miaka 16 hakukuwa na Mosquito hewani popote. Iliyofuata iliruka New Zealand Septemba 2012. Ilitokana na ndege iliyooza kwenye shamba Kanada, na hawakujaribu kuziokoa zile mbao. Waliunda mwili na mabawa mapya juu ya kalibu mpya, wakatia vyuma vya zamani. Na gundi ni ya kisasa. Watu hao hawakumdanganya mtu, walisema wazi mbao ni mpya. Halafu mwaka 2017, kwenye kiwanda cha ndege kule Broughton kilichokuwa karibu kubomolewa sehemu, zilikutwa ramani za Mosquito zaidi ya 20,000 kwenye kadi za filamu. Ina maana Mosquito mpya inaweza kuundwa bila kuua ya zamani hata moja.

Proctor haina bahati hiyo. Hakuna chumba chenye ramani 20,000. Ziko hizi zilizobaki.

Sasa nina jambo la kuwauliza, hasa Kapteni. Kikundi chetu kina sanduku la vyuma vya Proctor nyingine: mabano ya viungo, mguu mmoja wa gurudumu, pedali za usukani, vyote vimeungua rangi. Ni mabaki ya moja ya zile zilizochomwa. Tuliyanunua kama vipuri. Je, nikipendekeza tuunde Proctor mpya kwa mbao mpya na gundi ya kisasa, juu ya vyuma vya ile iliyochomwa, vile vitakavyofaulu ukaguzi, na kibati chenye mwaka wa kweli, hii yetu ikaenda makumbusho ikiwa nzima, mtaiona kuwa ni ndege au ni sanamu?


Kapteni_Mstaafu (Nairobi)

Marahaba. Ikipata kibali cha kuruka na rubani akaiamini, ni ndege. Gundi ya kisasa naiamini kuliko ya maziwa, sitakudanganya. Rubani akiwa futi 3,000 hataki historia chini ya kiti chake, anataka kiungo kinachoshika.

Nina ombi moja tu, kuhusu injini. Makumbusho yataitaka injini iende na ndege, na ni haki yao. Waombe msimame nayo kwanza. Itoe, ifunguliwe, isafishwe, ifungwe kwenye stendi, iwashwe mara chache sana mbele ya watu na irekodiwe vizuri, kila silinda. Najua Dada wa Unguja atasema kuwasha ni kuchakaza.


Mwanakumbusho (Unguja)

Atasema, Mzee wangu, na ndiyo kazi yake. Injini ambayo haijawashwa tangu miaka ya 1960 ina oili ya wakati ule, masizi ya wakati ule. Ichukuliwe sampuli kwanza, ipigwe picha za ndani kwa kamera nyembamba, ndipo mjadala uanze. Kama kuna injini ya pili ya aina hiyohiyo, iwashwe ile. Gipsy Queen hazijaadimika kama Proctor zenyewe. Sauti ni ileile.


Kapteni_Mstaafu (Nairobi)

Sauti si ileile, lakini nakubali.


Mswahili_Hamilton (Ontario, Kanada)

Randa, mfadhili je? Sharti lake lilikuwa ndege hii iruke. Usije ukaandika maoni mazuri kikundi kikabaki bila senti. Mtafute kabla ya mkutano, umweleze ana kwa ana, umwonyeshe vile vibao visivyo kwenye ramani. Wengi wa watu hawa wanataka jina lao liwe kwenye kitu kinachoruka. Sioni kwa nini asikubali kiwe kipya kama atakuwa ndiye aliyekianzisha. Akikataa, mjue mapema.


Randa_na_Tupa

Nilimpigia jana. Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. Aliniuliza kama mpya itakuwa na namba ya ile ya zamani. Nikamwambia hapana, ile ya zamani itabaki na namba yake, na hii itabeba ya ile iliyochomwa kama mamlaka itaridhika na vyuma vilivyobaki, la sivyo itapata yake. Hakufurahi. Akasema atakuja Jumamosi aone penseli. Sijui ataamua nini, ila nimeshaandika maoni yangu na sitayabadilisha kwa ajili ya jibu lake.

Nimeandika hivi, kwa kifupi: kwa maoni yangu ya kifundi, kuirusha ndege hii kunahitaji kuondoa karibu mbao zake zote, na mbao hizo ndizo kumbukumbu pekee kamili ya namna Proctor ya toleo hili ilivyoundwa. Ramani zetu haziwezi kuchukua nafasi yake. Sipo tayari kuikata. Nipo tayari kuipima kwa mwaka mzima ikiwa imesimama, na kuunda nyingine.

Wenzangu wawili wamekasirika. Mmoja ana miaka 78, na alitarajia kukaa ndani yake ikiwa hewani. Hilo linaniuma kuliko yote, na sina la kumwambia, kwa sababu mpya itachukua miaka sita au zaidi.

Fundi, naomba unisaidie jambo moja. Tutapata mashine ya kupima kwa mwanga, lakini haiwezi kuingia nyuma ya kiti cha mwendesha redio, na ndiko ambako ramani hazipo. Mkono unaingia, kichwa hakiingii. Wewe unapochukua kigezo cha taruma la mbele kabisa, pale penye giza chini ya sitaha, unafanyaje?


FundiMatondoni (Lamu)

Chukua waya laini wa risasi, unene wa penseli. Usitumie wa chuma, unaruka. Ubonyeze kwa vidole kwenye kona ya taruma polepole kutoka juu kwenda chini, usivute. Kabla hujautoa, utie alama mbili kwa uzi mwekundu, mahali unapokutana na mbao mbili unazozijua kimo chake. Utoe kwa kuuzungusha, usiukunje. Ulaze juu ya karatasi, alama zako mbili zikae kwenye vimo vyake, uchore.

Halafu urudie mara tatu, siku tofauti. Ukipata mistari mitatu inayolala juu ya mwenzake, umelishika taruma. Ikiwa mmoja umepotoka, usichukue wa katikati. Rudi ukapime tena.

Na pale penye penseli ya yule kijana, weka kitambaa safi kabla hujaingiza mkono. Jasho linafuta.